Mkataba Kabla ya Ufunguo

Sisi tuliozaliwa Lamu hatukulelewa na fikira ya kupanga. Nyumba huwa ya mababu, na mgeni hupokewa dakani kabla ya kuvuka kizingiti. Kazi ya mume wangu ilipotuhamishia Malindi, nilitoka kutafuta fleti pamoja na mavyaa wangu, mwanamke asiyekwenda mbio katika jambo lolote.

Ghorofani hakuna daka. Mlango ukifunguliwa tu, mgeni ameshawaona waliokaa sebuleni. Tulizikataa fleti mbili kwa ajili hiyo. Ya tatu tuliikataa kwa sababu ya maji. Mji hupata maji yake kutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki. Yakikatika, wenye nyumba wengi hutegemea visima, na kisima kilicho karibu na bahari aghalabu hutoa maji ya chumvi. Mavyaa alifungua bomba, akaonja, akafunga. Akainua macho darini, akaona saruji imevimba na kutoa kutu, akajua kuwa chumvi imeshavila vyuma vya ndani.

Ya nne ilitufaa. Madirisha yake yalipokea upepo wa kusi, na nyuma ya mlango palikuwa na ujia mfupi ambao pazia moja lingetosha kuufanya daka. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa heshima, akiswali safu moja na mume wangu. Alitaja kodi, akataka amana ya miezi miwili, akatoa ufunguo mfukoni.

"Mwanangu, tuandikiane kwanza," mavyaa akasema.

"Bi Mkubwa, sisi kwa sisi Waislamu?"

"Ndiyo hasa kwa kuwa sisi ni Waislamu."

Akamkumbusha kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Amana ya nyumba ni mali ya mpangaji iliyo mkononi mwa mwenziwe. Ikaandikwa karatasi moja: kodi, amana na wakati wa kurudishwa, nani atengeneze kilichoharibika, na notisi ya miezi miwili kwa kila upande. Mashahidi wawili wakatia saini.

Mwaka wa tatu, mwanzoni mwa Novemba, tuliletewa ujumbe tuhame kabla ya mwezi kwisha. Disemba huja wageni wa likizo, nao hulipa kwa usiku. Binti yetu wa kidato cha nne alikuwa katikati ya mitihani ya taifa. Usiku ule sikupata usingizi, nikimsikiliza akisoma chumba cha pili bila ya kujua lolote.

Mume wangu alikwenda na shahidi mmoja na ile karatasi. Mwenye nyumba aliisoma, akaitazama saini yake, akasema, "Hii ni haki yenu." Tulikaa hadi Januari. Binti akamaliza mitihani yake, na amana ikarudi, ikiwa imekatwa gharama ya rangi kama tulivyoandikiana.

Simlaumu kwa kutaka faida. Nyumba ni yake, naye ana watoto wa kusomesha. Karatasi haikumnyang'anya mali yake. Ilitupa sisi muda, na yeye ikamwepusha na dhuluma. Hadi leo tunaletana futari.

Wengi hudhani serikali itawatetea. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi inahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na fleti zetu zimekipita kiwango hicho zamani. Kinachobaki kutulinda zaidi ni kile tulichokiandika.

Nawausia hasa dada zangu ambao waume zao wako Ghuba kikazi: ninyi ndio mnaobishiwa mlango. Jina lako na liwemo katika mkataba, na nakala yake iwe kabatini mwako. Mwenyezi Mungu atujaalie makazi yenye utulivu, yawe ya kwetu au ya kupanga. Amin.