Gofu ya Visahani Katika Msitu wa Georgia

Mji wa Augusta, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, wajulikana ulimwenguni kwa kiwanja chake cha gofu, ambacho mashindano yake makubwa yalianza mwaka 1934. Kiwanja hicho hakiingiwi na kila apendaye. Lakini ukitoka mjini kwa motokaa, kabla ya kutimia saa moja wafika Appling. Na hapo, kando ya ziwa lililopatikana kwa kuzuiwa mto Savannah, pana msitu wa misonobari ambamo gofu ya namna nyingine huchezwa, na watoto pia huicheza.

Mchezo wenyewe, ndugu msomaji, ni mwepesi kuueleza. Badala ya mpira na fimbo, mchezaji hurusha kisahani cha plastiki ambacho uzito wake hauruhusiwi kuzidi gramu 200. Na badala ya shimo pana kikapu cha chuma juu ya mlingoti, chenye minyororo ya kukinasa kisahani. Afikishaye kisahani kikapuni kwa mirusho michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Aliyebuni kikapu hicho ni Ed Headrick wa California. Mwaka 1975 kiwanja cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa huko kwao, na mwaka 1976 alianzisha chama cha wachezaji, ambacho sasa makao yake yako hapo Appling. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalitiwa katika plastiki ya visahani kama alivyousia. Jambo gumu kuingia akilini mwa watu wanaozika kama sisi.

Viwanja vya hapo ni vitatu, kila kimoja kina vikapu 18. Mwaka 2019 tulicheza katika kile kiitwacho W. R. Jackson, pamoja na mpwa wetu aliyekuwa akisoma Atlanta, na mzee mmoja mwenyeji aliyetukuta mlangoni akaomba tufuatane.

Mpwa wetu ana mkono wa nguvu, na katika viwanja vya wazi alikuwa amezoea kuwaacha wenzake mbali. Lakini humo msituni njia ni nyembamba, miti imesimama huku na huku kama watu waliopanga safu, na mahali pengine upenyo hauzidi upana wa mlango. Isitoshe, kisahani hakina tabia ya kwenda moja kwa moja: kikirushwa na mkono wa kulia kwa namna ya kawaida, mwendo wake ukipungua huelekea kushoto. Basi yampasa mrushaji ajue kitalala wapi, si kitapita wapi tu. Kijana alirusha kwa nguvu zake zote, tukasikia ko! na kisahani kikarudi karibu na miguu yetu. Mzee alirusha chini chini, polepole, hatua kama hamsini hivi, kikatua penye kona hasa, mahali ambapo kikapu chaonekana.

"Mjomba," alitunong'oneza mpwa wetu, "mzee huyu harushi, anaweka."

Katikati ya mchezo kisahani cha kijana kilijiingiza nyuma ya msonobari mchanga, na tawi moja likamzuia mkono. Sheria ya mchezo haimruhusu mtu kuvunja tawi wala kulishikilia pembeni. Hana budi kutafuta namna ya kusimama isiyolisogeza mti ila kwa uchache kabisa. Wala hapana mwamuzi, kila mtu huhesabu mirusho yake kwa kinywa chake. Mzee alikuwa mbali, ametupa mgongo. Tulimwona kijana amelishika lile tawi, akatutazama, nasi tukanyamaza. Akaliachia. Alipiga goti, akarusha upande, kurudi njiani, na mrusho mzima ukapotea. Mwishowe mzee alimshinda kwa mirusho 11.

Tulipokuwa tukitoka tuliitazama miti iliyo karibu na vituo vya kurushia. Maganda yake yalikuwa yamebanduka usawa wa kifua, mizizi i nje, na udongo mwekundu umekanyagwa hata umekuwa mgumu kama sakafu, maji yasipate pa kuzama. Mchezo huu waitegemea miti na wakati huo huo waidhuru: mti ukifa upenyo hupanuka, na mwenye nguvu hurudishiwa nafasi yake. Katika viwanja vingine miti ya mbele hufungwa kinga shinani, nasi twaona ni jambo jema.

Septemba 2024 kimbunga Helene kilipita pande za Augusta, kikaangusha miti mingi mno, mingine juu ya nyumba za watu. Tulimpigia simu mpwa wetu, ambaye sasa anafanya kazi huko, kumwuliza habari za watu na nyumba. Alitujibu kuwa wote ni wazima na umeme bado haujarudi. Kisha, kabla hatujaagana, akasema kuwa hajapata nafasi ya kwenda Appling, na angependa kujua kama ule msonobari mchanga ungali umesimama.