Asilimu Tu

Handeni, Jumatano 2 Aprili 2025

Wageni wa Idi wameondoka, ndipo Baba akaniita ukumbini. Hakufoka. Alisema M., kijana anayetaka kunioa, ana kazi, ana adabu, na yeye hana neno naye. Asilimu tu, na Baba mwenyewe atakuwa walii wangu. Shangazi akadakia: "Kwani anatakiwa awe shehe? Atamke shahada, mfungishwe ndoa, mengine mtajuana wenyewe huko Korogwe." Wakacheka. Mimi sikuweza.

Korogwe, Ijumaa 4 Aprili

Kumbe kwa kina M. ni yaleyale. Mama yake, Mbondei wa Magila, Mwanglikana toka kwa mabibi zake, anataka nibatizwe kabla ya harusi. "Ni jina tu, mwanangu." M. ameniambia yuko tayari kusilimu kwa ajili yangu. Nikamuuliza: utaswali? Akainamia chai yake.

Korogwe, Jumanne 8 Aprili

Nimefika bomani. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, tunatoa taarifa siku 21 kabla, kisha tunafungishwa. Ndoa ya serikali ina nguvu sawa na ya msikitini au kanisani, na huchukuliwa kuwa ya mke mmoja. Kwa umri wangu wa miaka 29, ridhaa ya mzazi haihitajiki.

Jioni nikamwuliza shehe, naye hakuzungusha: mwanamume wa Kiislamu anaruhusiwa kuoa Mkristo, mwanamke wa Kiislamu haruhusiwi kuolewa na Mkristo. Nikamkumbuka ami. Alioa Mlutheri kutoka Lushoto, tukala pilau, hakuna aliyeuliza.

Korogwe, Alhamisi 10 Aprili

Nyumba hizi mbili zinavutana upande gani ushinde, lakini zimekubaliana jambo moja: imani yaweza kuvaliwa siku ya harusi kama suti ya kukodi. Na mimi ninayeambiwa natupa dini ndiye ninayeiona shahada kuwa nzito. Nikienda bomani, najua shehe atasemaje, na sitajifanya sijui. Hilo nitamjibu Mungu mwenyewe. Ila M. kumdanganya Mungu mbele ya Baba, na mimi nimekaa pembeni nimepakwa hina, hapana.

Handeni, Jumamosi 12 Aprili

Nimemwambia Baba. Sitaki M. asilimu kwa sababu yangu, wala mimi sibatizwi.

"Kwa hiyo mimi siozeshi."

"Ndiyo, Baba." Sheria haimhitaji. Mimi namhitaji, nikamwambia hivyohivyo.

Akakaa kimya, kisha akauliza: "Na watoto? Watakwenda madrasa au Sunday school?"

Nikasema hatujaafikiana. M. anasema wachague wakikua. Mimi naona mtoto asiyefundishwa lolote hana cha kuchagua.

"Basi msipeleke hiyo taarifa bomani kabla hamjaafikiana. Kuhusu watoto mtaulizwa na kila mtu, hata mimi nikikubali."

Hajakubali. Lakini kwa hili nipo upande wake. Jumatatu nitamwambia M. fomu isubiri, kwanza tuzungumze juu ya watoto.