Malinois au Mjerumani

Katika mtaa wetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, mbwa yeyote mkubwa mwenye masikio yaliyosimama anaitwa «berje», na maneno yameisha. Mimi pia nilisema hivyo hadi yaya wangu wa Likasi alipoamua kutununulia mtoto wa mbwa, baada ya wezi kuruka ukuta mara ya pili. Alikuwa amepata wafugaji wawili: mmoja ana wachungaji wa Kijerumani, mwingine ana Malinois. Mimi ndiye nichague, alisema, kwa kuwa mimi ndiye nitakayeamka naye saa kumi na moja alfajiri.

Malinois amepewa jina la Malines, mji wa Ubelgiji. Mwaka 1891 Profesa Adolphe Reul, wa shule ya uganga wa mifugo ya Cureghem, aliwakusanya mbwa wa wachungaji wa kule ili azichunguze aina zao. Miaka 8 baadaye, mwaka 1899, afisa mmoja Mjerumani, Max von Stephanitz, alinunua mbwa akamwita Horand von Grafrath, naye ndiye aliyeandikwa wa kwanza katika daftari la mbwa wa Kijerumani. Babu zetu walibebeshwa mizigo katika vita vya Wabelgiji na Wajerumani upande wa Tanganyika. Leo wajukuu tunakaa Katuba tukibishana mbwa wa nani ni bora.

Mama alitaka kujua kilo tu. Dume la Kijerumani hufika kilo 30 hadi 40, Malinois 25 hadi 30. Akahesabu bukari na ndagala za mwezi, akasema: «Basi huyo mwembamba.» Yaya naye alikuwa upande huo. Malinois ni mwepesi, anaruka ukuta kama paka, na Mjerumani mara nyingi huugua nyonga akizeeka. Yote hayo ni kweli. Lakini Malinois asiyepewa kazi hujitafutia kazi mwenyewe: atachimba, atatafuna mlango, atazunguka lupango mpaka njia yake ionekane ardhini. Kumtembeza hakutoshi, kichwa chake pia kinataka shughuli, nami niko darasani hadi jioni.

Anayebaki nyumbani ni Baba. Tangu apooze upande wa kuume, anatembea kwa fimbo, na maneno yanamjia polepole. Kifaransa, alichokitumia kazini miaka yote, ndicho kilichoondoka kwanza. Kiswahili chetu kimebaki, tena kile cha hapa hapa, si kile cha vitabu vyetu vya kitivo. Kwa hiyo mbwa huyu angeamrishwa kwa Kiswahili cha Baba, na hapo nikaanza kuona shida ambayo yaya hakuifikiria.

Mfaransa ana «assis» na «reste», maneno mawili kwa mambo mawili. Baba ana «ikala». Ikala chini, ikala hapo, ikala kwetu miaka kumi: mtu anaelewa kutokana na mazingira, mbwa hana mazingira hayo. «Lala» nalo ni kujinyosha chini na pia ni kusinzia. Tulikubaliana na Baba, kwa ishara nyingi na kicheko kidogo, kwamba «ikala» iwe ya kuketi, «ngoja» ya kutobanduka, na «lala» ya kulala chini. Wenzangu wa isimu watacheka, lakini nilijifunza mengi kuhusu maana siku ile kuliko katika kazi nyingi za mazoezi.

Shida iliyobaki ni muda. Baba akitaka kusema «ngoja», midomo inatafuta kwanza. Malinois hamngojei mtu anayetafuta neno; akiona mtoto wa mpangaji anakimbilia mpira, amekwisha ondoka. Mjerumani naye ana nguvu na haraka zake, lakini kwa kawaida humtazama mtu kabla ya kutenda, na pumzi mbili zile zinamtosha Baba.

Nilimwambia yaya: Mjerumani, tena jike, maana jike ni jepesi zaidi na Mama atapumua. Alinuna siku mbili. Mbwa atafika mwisho wa mwezi. Baba anafanya mazoezi barazani kila asubuhi, kiti kitupu mbele yake: «Ngo… ngoja.»