Upepo wa Kusi na Mashimo Tisa

Mjomba wangu alikuwa na sharti moja: kedi hasemi mpaka aulizwe. Aliniambia hivyo mwaka 1984, alfajiri, tukiwa ndani ya feri ya Likoni. Nilikuwa na miaka 14 na sijapata kushika fimbo ya gofu. Yeye alikuwa kedi, akibeba mikoba ya wachezaji tangu kabla sijazaliwa. Tuliposhuka upande wa kisiwani tulipanda kilima, tukakata kulia tukifuata bahari mpaka Mombasa Golf Club, uwanja uliopo tangu 1911 juu ya miamba ya matumbawe, ukitazama mlango wa bandari ya Kilindini.

Ni uwanja mdogo. Una mashimo tisa tu, hivyo anayetaka 18 huuzunguka mara mbili. Mgeni akiuona hudhani ni wa kupitisha saa mbili kabla ya chakula cha mchana. Kumbe mzunguko wa pili haufanani na wa kwanza, maana upepo hautulii. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi, mpira unaopigwa kuelekea baharini husimama hewani ukaanguka kabla ya kufika ulikotegemewa. Kaskazi ikishika mwisho wa mwaka, shimo lile lile, fimbo ile ile, mpira unapitiliza. Na ukikosea kule ukingoni mwa mwamba usijisumbue kutafuta, bahari imeshachukua.

Wachezaji wengi hung'oa majani wakayarusha kupima upepo. Mjomba hakuyaamini majani. “Mjomba,” aliniambia, kwa maana sisi wajomba na wapwa huitana hivyo, “upepo wa miguuni ni mwongo. Tazama meli.” Meli ziingiazo Kilindini hupita karibu mno na uwanja ule, hata unawaona mabaharia wakiegemea vyuma vya sitaha. Mjomba alisoma moshi wa bomba na mlalo wa bendera, kwani huko juu ndiko mpira unakosafiri. Meli isipokuwapo alitazama ngalawa, au makuti ya minazi ng'ambo ya Likoni. Kisha alingoja aulizwe. Akiulizwa alitaja namba moja ya fimbo, basi. Sikuwahi kumsikia akijitetea mpira ulipokwenda vibaya, wala akijisifu ulipokwenda vizuri.

Nilibeba mikoba miaka minne. Ujira wake ulininunulia madaftari na viatu, na jioni za Jumapili uliniachia senti za kachri pale Lighthouse, karibu na mibuyu, familia za mjini zikipunga upepo.

Wakati huo gofu ya Mombasa ilikuwa imeshavuka maji. Nyali ilikuwa shamba la mkonge, nayo ikaungwa na kisiwa mwaka 1931 kwa daraja lililoelea juu ya mkono wa bahari. Daraja la zege lilipofunguliwa mwaka 1980, mji wote ukamiminika huko. Uwanja wa Nyali una mashimo 18, na mara ya kwanza nilipopelekwa na mchezaji wangu nilichoka kabla ya shimo la kumi. Hapo kosa halikuadhibu papo hapo kama kule mwambani. Lilikusubiri mashimo matatu mbele. Ni uwanja mzuri kwa mtu anayetaka kujifunza subira, na mpaka leo nawapeleka wanaoanza huko kwanza, si kisiwani.

Vipingo ni habari nyingine, na hapo siwezi kuzungumza kwa utulivu. Babu yangu mzaa mama alikata mkonge huko. Alikuwa na makovu ya miiba mikono yote miwili, na alipozeeka hakupenda hata kamba ya katani iingie nyumbani. Sasa juu ya kilima cha ardhi ile ile ya mkonge pana uwanja unaoitwa Baobab, uliosanifiwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini. Mibuyu imeachwa katikati ya nyasi, na bahari inaonekana mbali chini, ya buluu iliyokoza. Mara ya kwanza kufika nilisimama chini ya mbuyu mmoja nikajiuliza kama babu aliwahi kupumzika kwenye kivuli chake. Nilishindwa kupiga mpira kwa muda.

Mwaka 2019, Desemba, wachezaji gofu wanawake wa Ziara ya Ulaya walifunga msimu wao hapo. Nilikwenda na binti yangu, wakati huo ana miaka 12, tukatembea kando ya kamba siku nzima. Mjerumani Esther Henseleit alishinda. Katika miaka yangu minne ya kubeba mikoba sikuona hata msichana mmoja wa mtaani kwetu akishika fimbo. Binti yangu alirudi Likoni akiwa ameamua.

Sasa hucheza vizuri kuliko mimi. Ana kifaa cha kupimia masafa. Akikielekeza kwenye kibendera kinamtajia mita. Tulipocheza Vipingo tulipanda kigari cha umeme, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote yaliyobadilika. Ukipita juu ya ardhi umekaa, nyayo hazijui mteremko umeanzia wapi, na mtu aliyekuwa akitembea kando yako na mkoba begani, akijua unachoogopa kabla hujakisema, hayupo.

Kwa hiyo Agosti iliyopita nilimrudisha kwenye mashimo tisa. Tulikwenda kwa miguu, mkoba nikaubeba mimi. Kwenye shimo moja linalotazama maji alipima, kifaa kikamwambia mita 140, akachomoa fimbo ya chuma namba nane. Kusi ilikuwa imekaza. Chini yetu meli ya makontena ilikuwa inaingia, moshi wake umelala wote kuelekea bara.

Nilijua ni chuma namba ngapi. Nilimtazama, naye akitazama kibendera. Hakuniuliza. Niliweka mkoba chini, nikanyamaza.