Filimbi Niliyoipuliza Mapema

Mwezi uliopita nilichezesha mechi ya mpira wa miguu kati ya mwaka wa kwanza na mwaka wa pili wa falsafa. Mwaka wa kwanza walikuwa nyuma kwa bao moja. Zikiwa zimebaki dakika chache, frateri wao mmoja akavutwa jezi karibu na kumi na nane. Nikapuliza. Kumbe hakuanguka; aliendelea, akapiga, mpira ukaingia wavuni. Sheria inamruhusu mwamuzi kusubiri kidogo aone kama aliyechezewa vibaya atanufaika. Mimi sikusubiri. Bao likakataliwa, mpira wa adhabu ukagonga ukuta, mechi ikaisha.

Jioni aliniita padri mmoja mgeni kutoka Marekani, aliyewahi kuchezesha besiboli ya watoto huko kwao. Akanieleza kazi ya mwamuzi kwenye besi ya kwanza. Macho yanatazama mguu wa mkimbiaji ukikanyaga besi; masikio yanasikiliza mpira ukigonga glavu ya mlinzi. Kipi kimetangulia? Hata akishajua, hatamki bado. Anaitazama glavu, maana mpira unaweza kudondoka, na yule aliyedhaniwa ametolewa akawa salama. Ni kitambo kifupi tu, kama kuvuta pumzi moja. "Ukiamua kabla mchezo haujaisha," aliniambia, "umeamua kitu ambacho hakijatokea."

Nilicheka, kwa sababu wiki hiyohiyo tulikuwa tunamsoma Mtakatifu Thomas wa Akwino juu ya busara. Katika Summa anaitaja pupa kuwa dhambi dhidi ya fadhila hiyo: anayeamua bila kukumbuka yaliyopita, bila kuielewa hali iliyopo, bila kupokea mashauri, ni kama mtu aliyejirusha kutoka juu badala ya kushuka ngazi moja moja. Hayo yote nilikuwa nimeyaandika daftarini, tena kwa mwandiko mzuri.

Yule frateri hakunisalimu kwa siku nne. Kanisani tunakaa benchi moja, lakini wakati wa kupeana amani aligeukia upande wa pili. Nilijiambia kwamba nasubiri apoe kwanza. Nikajisifu hata, kwamba sasa nimejifunza kutokuwa na pupa.

Siku ya tano nikamfuata bombani, alikokuwa akifua soksi.

"Frateri, nisamehe. Nilipuliza mapema mno."

"Filimbi iliwahi," akasema bila kuinua kichwa, "ila msamaha umechelewa."

Kisha akanisogezea ndoo ya pili nimsaidie kusuuza.