Sange na Jina Lake

Siku moja mwanafunzi aliniuliza darasani sange ni nini. Nilimjibu upesi kuwa ni mnyama mdogo wa msituni, mwenye pua ndefu kama mkonga. Aliponiuliza kama nimepata kumwona, nilinyamaza. Neno nililijua, mwenye neno sikumjua.

Haya ilinituma kusoma. Sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko jamaa zake wote, alipigwa picha mwaka 2005 katika milima ya Udzungwa, Tanzania, akapewa jina la kitaalamu mwaka 2008. Uzito wake ni gramu 700 hivi. Makao yake yajulikanayo ni misitu miwili tu, Ndundulu-Luhomero na Mwanihana. Riziki yake ni wadudu walio chini ya majani yaliyoanguka, na majani hayo hayo ndiyo kitanda chake.

Majani hayo yataka unyevu, na unyevu wataka mvua na ukungu. Joto la dunia likizidi, ardhi itakauka na moto utapata njia. Kushuka sange hawezi, maana bondeni ni mashamba. Atapanda kufuata ubaridi; lakini kila mlima una kilele, na juu ya kilele hapana msitu.

Moshi ulioleta joto hili si wa jiko lake. Sisi walimu twajisifu kwa kuhifadhi maneno. Naichelea siku nitakapofundisha neno sange likiwa na maana kitabuni, wala halina mwenyewe duniani.