Sindano za kaka, dawa za shemeji

Najua nimepotea. Field ilinibana, halafu nimerudi chuo nakuta bumu halijatoka na kuna mtu kajilaza kitandani kwangu. Hayo siku nyingine. Leo nina jambo la nyumbani, na mwenyewe kaniruhusu niliandike ili mradi nisimtaje jina.

TP nilifanyia kwetu Lushoto. Ukifika Mombo unaanza kupanda mlima, kilomita 33 za kona tupu, na kila kona joto linapungua. Nilifikia kwa mama mkubwa. Mtoto wake, kaka yangu, anaishi na mkewe nyumba ya pili. Huyu kaka zamani alikuwa hatari. Alianza kwa kupakia kabichi kwenye Fuso pale sokoni, baadaye akaenda Dar kuwa baunsa. Sikukuu moja alirudi kifua kama mlango, wadogo zake tunamning'inia mkononi.

Safari hii nimemkuta mtu mwingine. Kapungua, hana maneno, saa mbili usiku kashalala. Na nyumbani kuna kelele: ndoa ina mwaka wa pili, mtoto hakuna, na mama mkubwa kashaamua kuwa mgumba ni shemeji. Kapelekwa kwa waganga wawili. Anakunywa madawa mpaka anatapika, na hasemi kitu.

Jioni moja nasahihisha madaftari ya mada ya homoni, kaka akachukua daftari moja akasoma. Kimya. Halafu akauliza: "Mdogo wangu, hivi mtu akijichoma testosteroni, ile yake mwenyewe inakwenda wapi?"

Duh! Hapo hapo nikaelewa.

Tukatoka tukatembea kuelekea Irente, akanisimulia. Gym ya kule Dar walikuwa wanachomana wenyewe kwa wenyewe. Miaka mitatu. Aliacha alipokaribia kuoa.

Nilimweleza kwa mfano wa tenki la nyumbani. Maji yanatoka kwenye chemchemi, tenki likijaa boya linapanda linafunga bomba. Mwilini boya ni ubongo. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inatuma homoni mbili, LH na FSH, kuziambia korodani zitengeneze testosteroni na mbegu. Wewe ukimwaga ndoo kutoka nje, ubongo unaona tenki limejaa, unafunga. Korodani zinakosa kazi, zinasinyaa. Kwenye damu testosteroni imefurika, lakini ndani ya korodani, inakohitajika kutengenezea mbegu, imekauka. Siku ukiacha, ndoo imekwisha na bomba bado limefungwa. Ndipo unakuja uchovu, huzuni, misuli kuyeyuka na hamu kufa. Kaka akacheka kidogo: "Hiyo ya mwisho usimwambie mtu."

Kilichomkata maneno ni hiki. Mwaka 1990 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Shirika la Afya Duniani, wanaume 271 wakichomwa testosteroni miligramu 200 kila wiki. Ndani ya miezi sita, 157 hawakuwa na mbegu hata moja. Unajua walikuwa wanatafuta nini? Uzazi wa mpango kwa wanaume! Yaani sindano vijana wanayojichoma ili wawe wanaume zaidi, wenzetu waliijaribu kama kinga ya mimba.

Wale walipoacha, mbegu zilirudi. Ila wao walikuwa chini ya madaktari na dozi inajulikana, siyo mambo ya gym ya uani. Wengi hurudi baada ya miezi, wengine mwaka na zaidi. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2016 ulikuta watu walioacha kwa wastani wa zaidi ya miaka miwili bado testosteroni yao iko chini kuliko ya wasiowahi kutumia. Sisi tukisikia steroidi tunafikiria wanariadha tu, kama Mkenya Mark Otieno aliyezuiwa kukimbia mita 100 Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 baada ya kukutwa na methasteroni. Yeye alipimwa. Mabaunsa wetu nani anawapima?

"Basi nikichoma tena kidogo si nguvu zitarudi?" Nilikaribia kupiga kelele. Nguvu labda, lakini bomba linafungwa upya, na mtoto ndiyo basi. Kwa anayetaka mtoto, madaktari wana dawa nyingine za kuziamsha korodani, na hawaanzi kabla ya vipimo. Vumbi la Kongo nalo halifungui boya.

Akateremka Tanga kupima. LH iko chini, mbegu zipo lakini chache mno. Kaambiwa arudi baada ya miezi mitatu, maana mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa. Mimi nikafurahi, chache siyo sifuri.

Ila nyumbani hajasema. Mama mkubwa kashapata mganga wa tatu, huko Mtae. Kila nikimpigia kaka anasema, "Nipe muda." Muda yeye anao, anayetapika ni mwenzake. Nilimwambia hivyo, akakata simu.

Jana usiku shemeji kanitumia meseji: "Shem, wewe umesoma, hakuna dawa ya hospitali ya kunisaidia?"

Mpaka naandika hapa sijamjibu.